Maswali na Majibu: Kijito cha Nyuma ya Shule

Safari hii ukurasa wa wasomaji tumeutoa wote kwa ziara za masomo: namna ya kuwatoa wanafunzi darasani wakachunguze viumbe hai, na namna ya kujua kama mto, msitu au ufuko una afya. Barua zilikuwa nyingi. Tumejibu zile zilizouliza mambo ambayo walimu wengine pia hukwama.

*Nina wanafunzi 64 wa Darasa la Sita. Kila mwaka tunachangisha nauli ya basi kwenda Mikumi, lakini mwaka huu wazazi wengi wameshindwa. Nyuma ya shule, kama mita 800 hivi, kuna kijito kinachoshuka kutoka milima ya Uluguru. Je, kinaweza kuwa ziara ya masomo kweli, au nitakuwa nawadanganya watoto? Mwalimu wa Sayansi, Morogoro.*

Mwalimu, kinaweza, na kwa somo hili kinafaa kuliko Mikumi. Mbugani mtoto anamwona tembo kwa dakika tano kupitia dirisha la basi, na hatarudi mwaka huo. Kijitoni atashika, atahesabu, ataandika, na baada ya miezi mitatu atarudi palepale kuona nini kimebadilika. Afya ya mazingira haisomeki kwa kutembelea mara moja. Husomeka kwa kulinganisha sehemu na sehemu, au majira na majira.

Kwa hiyo tafuta sehemu mbili za kijito hicho hicho: moja juu, kabla maji hayajapita kwenye makazi na bustani za mboga, nyingine chini yake. Nenda mwenyewe wiki moja kabla. Kina kisizidi magoti ya mwanafunzi mfupi kuliko wote, kingo ziwe za kushukika, na pawe na mawe ya ukubwa wa ngumi hadi kichwa yanayopitiwa na maji. Muone mwenyekiti wa mtaa, na mzazi wa kila mtoto asaini barua ya ruhusa. Chagua kiangazi, Juni hadi Septemba. Katikati ya masika usiende kabisa: mvua ikinyesha mlimani, maji hufika kwenu kwa kishindo hata kama juu yenu jua linawaka.

Vifaa havina gharama. Utahitaji wavu wa mraba wa sentimeta 30 kwa 30, wenye matundu ya milimita moja au karibu na hapo, uliofungwa kwenye mpini wa mita moja na nusu. Fremu hutengenezwa kwa waya mnene wa kujengea. Hapa ndipo walimu wengi hukosea: wanakata chandarua cha kulalia. Vyandarua vingi vina dawa ya kuua wadudu iliyokolezwa kwenye nyuzi, na dawa hiyo haichagui mbu. Utainua wavu umejaa wadudu wanaotapatapa, na dakika kumi baadaye beseni zima limekufa, nawe utadhani mto una sumu. Nunua kitambaa cha neti ya mapazia.

Ongeza mabeseni meupe manne, au makopo meupe ya aiskrimu. Yawe meupe kweli, maana wadudu wengi wana rangi ya tope na kwenye beseni la bluu hawaonekani. Tafuta vijiko vya plastiki, brashi ndogo ya rangi, kioo cha kukuzia kimoja kwa kila kundi, kipimajoto cha spiriti (cha zebaki kikivunjika mtoni umefanya uharibifu), kamba ya mita 10, chungwa moja, saa, na kisanduku cha huduma ya kwanza.

Wanafunzi 64 wasishuke majini pamoja. Gawa makundi manne ya 16 na vituo vinne vya nusu saa nusu saa: wavu, kuchambua kwenye beseni, kupima maji, na kukagua kingo. Kwenye kituo cha wavu waingie wanne kwa zamu, waliobaki wakiwa ukingoni. Mtu mzima mmoja asimame upande wa chini wa mkondo muda wote, na kazi yake iwe hiyo tu.

Kuvua kwenyewe ni hivi. Anza na sehemu ya chini ya mto ndipo upande juu, usije ukavua tope ulilolitibua mwenyewe. Mmoja anashika wavu ukiwa umegusa kitako cha mto, mdomo wake ukielekea maji yanakotoka. Mwenzake anasimama mbele ya wavu, anainua jiwe moja moja na kulisugua kwa vidole ndani ya maji ili wadudu wachukuliwe na mkondo waingie wavuni. Kisha anavuruga changarawe kwa mguu. Msisahau majani yanayoning'inia majini: pitisheni wavu chini yake kwa kuyakung'uta. Jumla ya kuvua ni dakika tano kwa kila sehemu, zilizogawanywa kati ya mawe, mimea na mchanga. Ukivua dakika tano juu na kumi na tano chini, ulinganisho wako umekwisha thamani. Kila jiwe lirudishwe lilivyokuwa, upande wa chini ukiwa chini.

Mimina mlichopata kwenye beseni lenye maji ya mto ya kina cha sentimeta mbili au tatu, na liwekeni kivulini. Juani maji hayo machache hupata moto upesi, na wadudu wa maji baridi hufa wa kwanza. Halafu, na hili ni gumu kwa watoto, mtulie dakika mbili bila kugusa. Mwanzoni beseni litaonekana lina takataka tu. Kisha kijiti kimoja kitaanza kutembea. Ukikitazama kwa kioo utaona ni kibomba cha chembe za mchanga zilizogandishwa kwa uzi wa hariri, na kutoka mdomoni mwake vimechomoza miguu sita na kichwa cheusi. Ni buu, limejijengea nyumba na linaiburuta. Watoto wakishaliona hilo, kituo kizima kitanyamaza chenyewe.

Kasi ya maji mtaipima kwa chungwa zima, ambalo huzama karibu lote na hivyo halisukumwi na upepo kama jani. Likipita mita 10 kwa sekunde 25, maji ya juu yanakwenda mita 0.4 kwa sekunde. Rudieni mara tatu mchukue wastani. Joto lipimwe kivulini, hewa kwanza kisha maji, kipimajoto kikikaa majini dakika mbili kabla ya kusomwa, na kisomwe kikiwa bado majini.

*Sisi hatuna mtaalamu wa wadudu. Wanafunzi wanauliza "huyu ni nani?" na mwalimu anajibu "mdudu wa majini". Tufanyeje? Mwalimu wa Biolojia, Iringa.*

Msihangaike na jina la spishi. Afrika Kusini wana kipimo cha shule cha afya ya mto kiitwacho miniSASS, kilichofupishwa kutoka mbinu ya wataalamu ya SASS. Tanzania nayo ina mbinu yake ya wataalamu, TARISS, iliyotokana na SASS hiyo hiyo. Katika miniSASS viumbe vyote hupangwa katika makundi 13 tu, na kila kundi lina alama: lisilovumilia uchafu hupata nyingi, linalouvumilia hupata chache. Wengi hawana jina la Kiswahili lililozoeleka, kwa hiyo wapeni la umbo. Watoto hawalisahau.

Mwenye alama nyingi kuliko wote ni tunutu tutakayemwita *mikia-miwili*, wa oda ya Plekoptera: alama 17. Ni bapa, ana mikia miwili mirefu, anakimbia juu ya jiwe, na matamvua yake yako kama vishada vya manyoya kwapani mwa miguu. Anahitaji maji ya kasi yenye oksijeni nyingi. Wa pili ni *mikia-mitatu*, wa Efemeroptera, mwenye matamvua kama vijani pembeni mwa tumbo: alama 11. Ndani ya oda hiyo hiyo wapo wadogo wembamba wanaoogelea kwa kuchupa kama samaki. Hao ni wavumilivu zaidi, hupata 5 na huhesabiwa kundi la peke yao. *Wajenga-nyumba*, yaani Trikoptera, wawe na nyumba au wasiwe nayo, hupata 9. Kaa na uduvi 6. Tunutu wa kereng'ende, mnene, mwenye mdomo wa chini unaofyatuka kukamata windo, 6. Tunutu wa kereng'ende mwembamba, mwenye vijani vitatu mkiani, 4. Kunguni-maji na mbawakawa wa majini 5, konokono 4, minyoo bapa 3. Walio chini kabisa wana alama 2 kila kundi: minyoo ya tope, ruba, na mabuu ya nzi na mbu, pamoja na lile buu jekundu kama damu. Wekundu huo unatokana na hemoglobini, ambayo humwezesha kuishi kwenye tope lenye oksijeni kidogo sana.

Angalieni mtego mmoja. Baadhi ya wale wadogo waogeleaji wenye alama 5 nao wana mikia miwili, na darasa lenye hamu ya kupata mto safi huwaandikia 17. Tazameni mguu kwa kioo: mikia-miwili wa kweli ana kucha mbili kila mguu, mwenzake ana moja. Kisha tazameni tumbo: kama lina vijani pembeni, si mikia-miwili.

Hesabu yenyewe ni kujumlisha alama za makundi mliyoyaona, kisha kugawanya kwa idadi ya makundi. Tuseme juu mmepata mikia-miwili, mikia-mitatu, wajenga-nyumba, kaa, kereng'ende na mabuu ya nzi: 17+11+9+6+6+2 ni 51, gawanya kwa 6, wastani 8.5. Chini mmepata waogeleaji wadogo, konokono, minyoo, ruba na mabuu ya nzi: 5+4+2+2+2 ni 15, gawanya kwa 5, wastani 3. Konokono arobaini bado ni alama 4, maana tunahesabu makundi, si vichwa. Na msilete jumla peke yake bila kugawanya: sehemu yenye makundi kumi ya wavumilivu itaonekana bora kuliko yenye matatu ya wanyonge, yaani wasiovumilia uchafu.

*Maji ya mto wetu ni maangavu, unaona mpaka kokoto. Lakini tulivua minyoo na mabuu mekundu tu. Tulikosea wapi? Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Njombe.*

Huenda hamkukosea. Maji maangavu yanakuambia kwamba hayana udongo ndani yake, basi. Dawa ya kunyunyizia nyanya haina rangi ikishachanganyika na maji, mbolea vivyo hivyo. Hata ukosefu wa oksijeni hauonekani kwa macho. Ndiyo maana tunawauliza wadudu: wao wameishi hapo wiki na miezi, wakati chupa yako ya maji inaeleza saa uliyoichota tu. Kama dawa ilipita Jumatatu na ninyi mmekuja Ijumaa, maji yameshasafika, lakini wadudu bado hawapo.

Ila kabla ya kumlaumu mkulima, ondoeni sababu nyingine moja moja. Je, kulikuwa na mafuriko karibuni? Maji makubwa hubingirisha mawe na kufagia kila kitu. Subirini wiki mbili au tatu ndipo mvue tena. Je, kitako cha mto ni mchanga mtupu? Mchanga unaohamahama hauwapi mikia-miwili pa kushika hata kama mto ni safi, kwa hiyo mlinganishe na sehemu nyingine ya mchanga, wala si ya mawe. Mlisugua mawe, au mliyainua tu? Wengi wa wenye alama za juu hulala bapa wamelishika jiwe na hawaachii kwa kutikiswa. Tena pimeni joto. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 takriban 7.5. Mto uliokatiwa miti ya kingoni hupata joto na kupungukiwa oksijeni bila mtu yeyote kumwaga kitu. Hilo peke yake linatosha kuwafukuza wanyonge.

Mkishaondoa hayo yote na matokeo yakabaki yaleyale, pandeni juu kwa vituo vya mita 200 hivi, mkivua kila kituo dakika tano, mpaka mpate pale wanyonge wanapoanza kuonekana. Chanzo cha tatizo kiko kati ya kituo hicho na kile cha chini yake.

*Mwalimu wa mwanangu anataka kuwapeleka watoto kando ya ziwa kuvua konokono na wadudu. Mimi naogopa kichocho. Je, buti za mvua zinatosha? Mama wa mtoto wa Darasa la Tano, Mwanza.*

Hofu yako ina msingi, Mama. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa maji yaliyotulia, huogelea, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha ndani ya dakika chache. Vile vya kichocho cha tumbo, kilichoenea sana kando ya Ziwa Viktoria, hutoka kwa wingi jua linapopanda kuelekea mchana. Kwenda asubuhi mapema hupunguza hatari ila hakuiondoi. Buti husaidia mpaka maji yaingie kwa juu, na kwa mtoto wa miaka kumi yataingia tu. Kujifuta kwa taulo nako si kinga ya kutegemea.

Ushauri wetu ni kwamba kwenye ufuko wa ziwa wenye magugu na konokono watoto wasiguse maji kabisa, achilia mbali habari ya mamba. Ikiwa kuna mtoto ameshaingia, mpelekeni kituo cha afya mkaeleze tarehe. Kupima siku chache baadaye hakuoneshi kitu, kwa sababu minyoo huchukua wiki kadhaa kukomaa na kuanza kutaga. Dawa ya prazikwanteli nayo haiwaui vizuri minyoo wachanga. Mhudumu wa afya ndiye atakayepanga siku ya kupima na kipimo cha dawa.

Mwambie mwalimu kuna ziara isiyo na maji na yenye viumbe wengi vilevile: majani makavu chini ya miti. Wapime mraba wa sentimeta 50 kwa 50 chini ya mwembe mkubwa au mti wa asili, na mwingine kama huo kwenye uwanja unaofagiliwa kila siku au shamba lililochomwa. Majani yote ya ndani ya mraba na udongo wa sentimeta mbili za juu yatiwe kwenye mfuko. Wakubwa huokotwa kwa mkono na kuhesabiwa: jongoo, buibui, mchwa, mbawakawa. Tandu na nge ni wa kijiko, siyo vidole.

Wadogo wanahitaji mtego. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu kwenye theluthi ya juu, geuza kile kipande cha juu kama faneli ndani ya kile cha chini, weka kipande cha neti ya matundu ya milimita mbili au tatu shingoni, kisha jaza majani kiasi cha sentimeta tano. Chini weka karatasi iliyolowa. Wadudu wa udongo hukimbia mwanga, joto na ukavu, basi huteremka mpaka wakaanguka. Vitabu vinasema tumia taa juu yake, lakini taa za LED za siku hizi hazitoi joto la kutosha na majani hayakauki. Tumieni jua la asubuhi, na chupa ya chini muifunge karatasi nyeusi. Saa 24 hadi 48 zinatosha. Msiharakishe kwa kuweka juani saa sita mchana, watakufa kabla ya kushuka. Mtapata utitiri, na vijidudu vyeupe vinavyoruka kama viroboto, ambao ndio wanaovunjavunja majani kuwa mboji. Udongo wa mwembe na ule uliochomwa utajieleza wenyewe.

*Nataka kuwapeleka Gredi ya 8 kwenye mikoko na ufuoni. Mara ya mwisho tulifika maji yamejaa, tukarudi bila kuona kitu. Mwalimu, Kwale.*

Mwalimu, mlikwenda siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, au saa isiyo yake. Hesabu kwa mwezi. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku moja au mbili baadaye ndipo maji hupwa sana. Pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati huo hupita mita tatu. Neema ya pwani hii ni kwamba kupwa kwa bamvua kunaangukia kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, saa za shule kabisa. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, saa hizo hizo maji yamejaa. Kila siku saa ya kupwa husogea mbele kama dakika 50, basi muulize mvuvi wa hapo au tazama jedwali la maji siku mbili kabla. Fikeni saa moja na nusu kabla ya maji kukauka, mfuate maji yakitoka. Yakigeuka, nanyi mgeuke. Wekeni mtu wa kutazama saa, kwa maana maji huingia kwanza kwa nyuma, kwenye vijito vya mikokoni, wakati watoto bado wanashangaa jongoo bahari kule mbele.

Kila mtoto avae raba kuukuu zenye kamba. Sandali hubaki topeni, na miguu mitupu hukatwa na chaza waliogandamana kwenye mizizi. Hakuna kuokota konokono wa umbo la pia, hata awe mzuri vipi: wapo wenye mwiba wa sumu ya kuua mtu. Jiwe likigeuzwa lirudishwe, kwa sababu waliokuwa chini yake hawalivumilii jua hata kidogo.

Kwenye mikoko, nyosheni kamba kutoka ukingo wa bahari mpaka nchi kavu, na kwenye kamba hiyo pimeni miraba mitatu ya mita 10 kwa 10: mbele, katikati, nyuma. Kila mraba andikeni miti kwa aina, miche iliyo chini ya mita moja, na visiki. Mara nyingi mlilana utakuwa mbele kabisa unakopigwa na mawimbi, mkoko wenye mizizi ya magongo ukifuata, kisha muia na mkandaa, na mchu kwenye chumvi kali ya nyuma, ingawa mchu hutokea mbele pia. Katika mraba mdogo wa sentimeta 50 hesabuni matundu ya kaa. Kaa huburuta majani shimoni na kupitisha hewa kwenye tope, kwa hiyo tope lisilo na tundu hata moja linahitaji maelezo.

Kisiki peke yake si ugonjwa. Visiki vingi bila miche ndiyo dalili mbaya, maana msitu umekatwa na haujirudishi. Dalili nyingine ni mchanga uliofunika ile mizizi ya mchu iliyosimama kama penseli. Mti huo unapumua kwa mizizi hiyo, ukifukiwa unakufa wima.

Kwenu hapo Kwale mna bahati ya Ghuba ya Gazi, ambako wanakijiji wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, wakilinda mikoko na kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo, na kina mama wana daraja la mbao la kupitia katikati ya msitu. Kwa darasa la kwanza daraja hilo ni salama kuliko tope. Kabla ya kuweka miraba popote, ombeni ruhusa ya Huduma ya Misitu ya Kenya na ya wenyeji. Wasomaji wa Tanzania waende kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), kwani mikoko ni hifadhi.

*Shule yetu iko katikati ya jiji, hakuna mto wala msitu. Kuna miti ya barabarani tu. Mwalimu, Nairobi.*

Tumieni likeni, ule ukoko wa kijivu, kijani au njano kwenye magome, ambao ni kuvu na mwani wakiishi pamoja. Hauna mizizi. Unakunywa maji kutoka hewani, na sumu ya hewani huingia pamoja nayo, ndiyo maana penye hewa chafu likeni nyingi hupungua. Chukueni plastiki angavu ya sentimeta 20 kwa 20, muichore miraba midogo 100, muibandike kwenye shina kwa urefu wa mita moja na nusu, mhesabu miraba yenye likeni, pande nne za mti. Miti kumi kando ya barabara kuu, na kumi iliyo mbali nayo mita 200 au zaidi. Yote iwe ya aina moja na unene unaokaribiana. Jakaranda inafaa. Mkaratusi haufai, unajichubua gome na likeni zikaondoka nalo. Msihesabu miti iliyopakwa chokaa.

*Mwanangu amerudi kutoka ziara na chupa yenye wadudu watatu. Kesho yake wamekufa. Je, ni sawa kuwaruhusu? Baba, Dodoma.*

Hapana. Wadudu wa maji ya mwendo hufa kwenye chupa kwa kukosa oksijeni, hata ukiwapa chakula. Beseni limwagwe palepale wadudu walipovuliwa kabla ya kuondoka, na atakayetaka kumbukumbu apige picha beseni likiwa na rula kando yake.

*Tumevua mara mbili, Juni na Septemba, na chini ya daraja matokeo ni mabaya mara zote. Tuyapeleke wapi? Klabu ya Mazingira, shule ya sekondari, Morogoro.*

Yapelekeni Bodi ya Maji ya Bonde, na kwenu ni ya Wami/Ruvu, nakala kwa ofisi ya mtaa na ofisa mazingira wa halmashauri. Lakini yaandikeni kwa namna itakayosomwa. Karatasi moja iwe na tarehe, saa, mahali panapotambulika (mita ngapi juu au chini ya daraja), dakika za kuvua, orodha ya makundi, wastani wa kila sehemu, joto la maji, na kama mvua ilinyesha wiki ile. Msiandike "mto umechafuliwa na fulani". Andikeni mlichokiona, kwamba juu ya daraja kuna makundi haya na chini hayapo, mara mbili, miezi mitatu mbali. Kumtafuta mhusika ni kazi ya mwenye maabara na mamlaka.

Ongezeni kipimo kimoja kisichohitaji hata wavu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 za ukingo wa mto shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuudhuru. Chukueni kamba ya mita 10, mtembee mara sita kutoka ukingoni, pande zote mbili, mkichora mnachokikuta: bustani, choo, banda la nguruwe, shimo la mchanga, miti iliyobaki. Fanyeni hivyo juu ya daraja na chini yake, mchoro uambatane na karatasi ya wadudu. Uvuaji wa tatu muufanye Januari au Februari, vuli ikishapita na kabla ya masika, kwa wavu uleule na dakika zilezile tano.